Soliteri kwa karata za mkononi: mwongozo kamili kwa anayekwama kila mara

Watu wengi wa Lubumbashi wameijua soliteri kwenye kompyuta au simu. Umeme ukikatika na simu ikizima, wanatafuta karata halisi, wanazipanga mezani, na mchezo unakufa kabla haujafika nusu. Wanapanga tena, unakufa tena. Mwisho wanasema karata ni mbaya, au bahati haipo.

Bahati ina sehemu yake, lakini wengi hukwama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kupanga vibaya: kompyuta ilikuwa inachanganya, inagawa na kukataza kila hatua isiyo halali, na mezani hakuna wa kukukataza. Ya pili ni haraka ya kupandisha karata nyumbani (kwenye mafungu manne ya mwisho) na kufungua akiba (rundo linalobaki baada ya kugawa), huku zile karata 21 zilizolala kifudifudi zikiachwa zilivyo. Hizo 21 ndizo mchezo wenyewe, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unazirudia.

Soliteri inayofundishwa hapa ni ile ya safu saba, ambayo karibu kila mtu huiwazia akisikia jina hilo.

## Vitu vya kuandaa

Karata 52 kamili. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa kabla hawajaanza. Baadhi ya pakiti zinazouzwa ni za beloti, mchezo mwingine wa karata, na zina karata 32 tu: zinaanzia 7, hakuna 2, 3, 4, 5 wala 6. Kwa hizo soliteri hii haichezeki. Toa jokeri zote, kisha gawa karata kwa alama na uhesabu: mafungu manne, kila fungu karata 13. Pakiti iliyozunguka mikononi mwa watu wengi mara nyingi imepoteza moja au mbili. Ikikosekana karata moja tu, hutamaliza mchezo kamwe hata ukicheza vizuri namna gani. Ikiwa unajua ni ipi, chukua jokeri na uandike juu yake jina la iliyopotea.

Meza au sakafu yenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50. Karata ya kawaida ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Safu saba zenye nafasi ndogo katikati zinafika sentimita 53 hivi, na safu ndefu inaweza kushuka sentimita 35 au zaidi. Kwenye kiti au kitanda karata zitapandana, na zikipandana utasoma vibaya.

Kitambaa. Tandika kikwembe kilichonyooshwa vizuri. Juu ya plastiki ya meza au simenti laini, karata inagandama na kucha haipati pa kuingia. Unavuta moja, zinakuja tatu. Kitambaa pia kinazuia lile vumbi jekundu la kiangazi, ambalo kuanzia Mei mpaka Oktoba linaingia kila mahali. Vumbi likiingia kati ya karata, zinakwaruzana na kupata alama mgongoni, nawe unaanza kuzitambua zikiwa zimefunikwa.

Mwanga wa kutosha. Chini ya mshumaa au tochi dhaifu, kere na karo zinafanana, na trefli inafanana na piki. Weka taa upande, isiwe nyuma ya kichwa chako.

Na mikono mikavu. Baada ya bukari (ugali), nawa kwanza.

## Majina tutakayotumia

Alama ni nne. Piki na trefli ni nyeusi. Kere na karo ni nyekundu. Watu wa pwani huziita shupaza, pau, kopa na uru, karata ni zilezile.

Mpangilio wa thamani, kutoka chini kwenda juu: Asi, 2, 3, mpaka 10, kisha Vale, Dama, Mfalme. Kwenye karata za Kifaransa utaona herufi V, D na R, na Asi inaweza kuandikwa 1. Kwenye karata za Kiingereza ni J, Q, K na A. Usichanganye pakiti mbili za aina tofauti, kwani migongo itakuambia kila kitu.

Mezani kuna sehemu nne:

- Safu: mistari saba inayoshuka kuelekea kwako.
- Akiba: rundo la karata zilizobaki baada ya kugawa, limelala kifudifudi, juu kushoto.
- Rundo la wazi: karata zilizotoka kwenye akiba, ziko chali, kando ya akiba.
- Nyumba: nafasi nne juu kulia, moja kwa kila alama. Mwanzoni ziko tupu.

Lengo ni kuingiza kila alama nyumbani kwake, kuanzia Asi mpaka Mfalme.

## Hatua ya 1: Changanya kwa ukweli

Mchezo uliomalizika unaacha mafungu manne yaliyopangwa kwa utaratibu. Uliokufa unaacha mistari inayobadilishana nyekundu na nyeusi. Ukizikusanya na kuzipitisha mkononi mara tatu, vipande vya mafungu au mistari hiyo vinabaki pamoja, na mchezo unaofuata unaanza na karata ambazo hazijachanganyika.

Kwa anayejua kuchanganya kwa kuingiza nusu mbili za pakiti moja ndani ya nyingine, mara saba zinatosha. Asiyejua afanye hivi: atawanye karata zote kifudifudi kwenye kitambaa, azisugue kwa viganja viwili akizungusha kwa dakika moja nzima, azikusanye, kisha akate pakiti katikati. Dakika moja ni ndefu kuliko unavyodhani. Hesabu mpaka sitini.

Onyo: kugawa karata katika mafungu matano au sita na kuyarundika tena hakuchanganyi. Kunazipanga upya kwa utaratibu mwingine tu.

Utajua umefaulu ikiwa: ukipekua pakiti haraka, huoni karata nne au tano mfululizo za alama moja zikishuka kwa mpangilio. Baada ya kupekua, kata pakiti tena.

## Hatua ya 2: Panga safu saba

Gawa kwa mistari ya kulala, kutoka kushoto kwenda kulia. Usijaze safu moja mpaka iishe ndipo uende nyingine. Hesabu inapotea hapo.

1. Weka karata moja chali. Hiyo ni safu ya 1. Kulia kwake weka karata sita kifudifudi: safu ya 2 mpaka ya 7.
2. Rudi safu ya 2, weka karata chali juu ya ile iliyolala. Endelea na tano kifudifudi, safu ya 3 mpaka ya 7.
3. Rudi safu ya 3, moja chali, kisha nne kifudifudi.
4. Endelea hivyo hivyo mpaka safu ya 7 ipate karata yake ya chali.

Kila unapoongeza karata, ishushe kidogo ili ukingo wa iliyo chini uonekane. Nusu sentimita inatosha kwa zilizolala. Zilizo chali zinahitaji sentimita mbili, kwa sababu lazima usome namba na alama.

Sasa hesabu. Safu ya 1 ina karata moja, ya 2 ina mbili, mpaka ya 7 yenye saba. Jumla 28: saba ziko chali, 21 zimelala. Akiba lazima iwe na 24.

Kinachoharibika: ukikuta akiba ina 23, kuna safu iliyopata mbili zilizogandamana. Ukikuta 25, umeruka safu moja, na mara nyingi ni ya 7. Usirekebishe kwa kubahatisha ukiwa umeshaanza kucheza. Kusanya, changanya, gawa upya. Ni dakika tatu tu.

## Hatua ya 3: Shika sheria za kusogeza

Sheria ni chache, lakini mezani hakuna kengele ya kukuonya ukizivunja.

Katika safu, karata inakaa juu ya ile iliyoizidi thamani kwa moja, na ya rangi tofauti. 6 ya kere inakaa juu ya 7 ya piki au 7 ya trefli. Haikai juu ya 7 ya karo, kwa sababu zote mbili ni nyekundu. Mezani kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote: mtu anaona alama tofauti, anasahau kwamba rangi ni ileile.

Karata kadhaa zilizo chali na zilizofuatana vizuri zinaweza kuhamishwa pamoja kama mnyororo mmoja. Unaweza pia kuukata mnyororo na kuhamisha sehemu ya mwisho tu.

Ukiondoa karata ya chali na chini yake kuna iliyolala, igeuze mara moja. Usichungulie kabla ya kuondoa ya juu.

Safu ikibaki tupu, anayeruhusiwa kuingia ni Mfalme peke yake, au mnyororo unaoanza na Mfalme.

Nyumbani, kila alama inaanza na Asi, kisha 2, kisha 3, bila kuruka. Karata ya juu ya nyumba inaweza kurudi kwenye safu ikiwa pana mahali halali. Wengi hawajui kwamba hili linaruhusiwa, na michezo mingi inaokolewa na hatua hiyo moja.

## Hatua ya 4: Soma meza kabla ya kugusa akiba

Hapa kaa kwa utulivu. Anayeshindwa hukimbilia akiba kwa sababu akiba inampa kitu kipya cha kutazama. Lakini karata za akiba hazikimbii, zitakuwepo. Zilizolala kwenye safu ndizo zinazokufunga.

Tuchukue mfano. Umegawa, na karata saba za chali ni hizi:

- Safu ya 1: 7 ya piki
- Safu ya 2: 8 ya karo
- Safu ya 3: Asi ya kere
- Safu ya 4: Dama wa trefli
- Safu ya 5: 4 ya piki
- Safu ya 6: Mfalme wa karo
- Safu ya 7: 3 ya kere

Anayeanza ataona Asi, ataipandisha, atageuza iliyo chini, kisha mkono utakwenda kwenye akiba. Tazama kilichobaki mezani.

Kwanza, Asi ya kere inakwenda nyumbani. Hilo ni sawa, Asi haisubiri. Geuza karata ya safu ya 3.

Pili, 3 ya kere inakaa juu ya 4 ya piki. Nyekundu juu ya nyeusi, 3 chini ya 4. Safu ya 7, ile nzito kuliko zote, sasa imefunguka: geuza.

Tatu, Dama wa trefli anakaa juu ya Mfalme wa karo. Geuza karata ya safu ya 4.

Nne, 7 ya piki inakaa juu ya 8 ya karo. Safu ya 1 inabaki tupu. Je, ni busara? Jiulize kwanza kama kuna Mfalme wa kuingia. Yupo: Mfalme wa karo kwenye safu ya 6, ameketi juu ya karata tano zilizolala. Mhamishe pamoja na Dama wake mpaka safu ya 1, kisha geuza karata ya safu ya 6.

Umefunua karata nne, zilizolala zimebaki 17, na akiba hujaigusa.

Angalia mpangilio. Hatua ya nne imewekwa mwisho kwa makusudi. Pengine kwenye safu ya 3, ya 4 au ya 7 angetokea Mfalme mwingine, nawe ungekuwa na wawili wa kuchagua. Ukiijaza nafasi tupu mapema, umechagua bila kuona.

Kutokana na mfano huo, shika vipimo vitatu:

Kila hatua ijibu swali: itafunua nini? Kuhamisha 5 kutoka safu moja kwenda nyingine kwa sababu tu inaruhusiwa hakukusaidii, na kunaweza kuziba mahali ambapo karata nyingine ingekaa. Hatua isiyofunua karata iliyolala, isiyofungua njia ya karata nyingine na isiyopeleka kitu cha lazima nyumbani, iache.

Zikiwa mbili zinagombea nafasi moja, chagua ya safu nzito. 7 ya piki iko wazi. 6 ya kere iko safu ya 3 juu ya karata mbili zilizolala, na 6 ya karo iko safu ya 6 juu ya tano. Sogeza ya safu ya 6. Safu za kulia zina karata nyingi zilizofichwa, na zisipofunguliwa mapema zitakusubiri mwishoni zikiwa zimefungwa kwa minyororo mirefu.

Usiivue safu mpaka ikawa tupu kama hakuna Mfalme aliye tayari. Nafasi tupu isiyo na Mfalme haipokei chochote. Ilikuwa mahali pa kuweka karata, umeipoteza.

Utajua umefaulu ikiwa: umezungusha macho safu zote saba mara mbili na hakuna hatua ya maana iliyobaki. Sasa fungua akiba.

## Hatua ya 5: Fungua akiba kwa utaratibu

Kuna namna mbili: moja moja, au tatu tatu. Anza na moja moja, bila kikomo cha kurudia akiba. Wengi huanza na tatu kwa sababu simu yao ilipangwa hivyo, wakaiona soliteri ngumu kuliko ilivyo.

Moja moja. Geuza karata ya juu ya akiba, iweke chali kwenye rundo la wazi. Ya juu kabisa ndiyo unayoweza kutumia. Ukiichukua, iliyo chini yake inapatikana. Akiba ikiisha, geuza rundo lote la wazi kwa pamoja, liwe akiba tena. Usilichanganye. Mpangilio wake ni habari unayostahili kuitumia.

Katika raundi ya kwanza usilazimike kuchukua kila kinachofaa. 8 ya trefli imetoka, na kuna 9 ya karo wazi kwenye safu. Je, kuna 7 nyekundu mezani inayofunika karata zilizolala, ambayo itakuja kukaa juu ya 8 hiyo? Ikiwepo, chukua. Isipokuwepo, iache ipite, itarudi. Huenda 8 ya piki iliyo juu ya safu nzito ndiyo inayoihitaji hiyo 9.

Tatu tatu. Akiba ya karata 24 inatoa mafungu manane. Geuza tatu kama kifurushi kimoja, ya tatu iwe juu. Hiyo tu ndiyo unayoweza kucheza. Ukiichukua, ya pili inafunguka.

Kuna kosa la mkono hapa. Ukihesabu karata moja moja kifudifudi kwenda mkono mwingine, kisha ukazigeuza, umepindua mpangilio: iliyopaswa kuwa chini imekuja juu. Chukua tatu pamoja kwa kidole gumba, geuza mara moja.

Raundi nzima ikipita bila kuchukua karata yoyote, raundi inayofuata italeta zilezile kwa mpangilio uleule: ya 3, ya 6, ya 9, mpaka ya 24. Lakini ukichukua moja tu, nyingine zinasogea. Ukichukua ya 3 peke yake, raundi inayofuata zitakuja juu ya 4, ya 7, ya 10, mpaka ya 22, na mwisho ya 24. Kwa hiyo karata ndogo isiyoonekana na thamani inaweza kukufungulia akiba nzima. Na kinyume chake: kama karata unayoitaka sana itakuja juu raundi ijayo, usichukue kitu kilicho mbele yake kitakachoisogeza.

Ili uweze kufanya hesabu hiyo, pitisha akiba mara moja ukitazama tu. Karata za juu ni nane; hazishindi kichwa cha mtu.

## Hatua ya 6: Mchague Mfalme

Wafalme wawili wanaweza kugombea nafasi moja. Usimchukue wa karibu. Angalia mambo mawili.

La kwanza, yuko wapi? Aliye juu ya karata zilizolala anatangulia aliye kwenye rundo la wazi, kwa sababu kumhamisha kunafunua kitu. Mfalme ambaye tayari ndiye wa kwanza kwenye safu yake, bila karata chini yake, asihamishwe kabisa. Unahamisha nafasi tupu kutoka kushoto kwenda kulia, basi.

La pili, rangi. Mfalme mwekundu anamwita Dama mweusi, kisha Vale mwekundu, kisha 10 nyeusi. Tazama Dama na Vale walio wazi. Ukiwa na Dama wa kere juu ya karata nne zilizolala, na Vale wa piki amekwama mahali, Mfalme mweusi ndiye atakayewapokea wote wawili.

## Hatua ya 7: Pandisha nyumbani kwa kipimo

Nyumba inavutia, kwa sababu kila karata inayopanda inaonekana kama ushindi. Lakini karata iliyo nyumbani haipokei tena karata nyingine kwenye safu.

Asi na 2 zipandishe mara moja, bila kufikiri. Juu ya 2 hakuna kinachoweza kukaa ila Asi, na Asi ina kwao.

Kuanzia 3, jiulize: je, karata za rangi tofauti zilizo chini yake kwa moja zimeshafika nyumbani zote mbili? Mfano ni 5 ya kere. Zinazoweza kukaa juu yake ni 4 ya piki na 4 ya trefli. Zikiwa nyumbani zote mbili, 5 ya kere haina kazi tena kwenye safu, pandisha. Ikiwa 4 ya trefli bado imefichwa popote, 5 ya kere inaweza kuwa ndiyo kiti chake pekee. Iache, isipokuwa kuipandisha kunafunua karata iliyolala papo hapo.

Kipimo rahisi: nyumba moja isizitangulie nyingine kwa zaidi ya karata mbili. Ukiona kere imefika 8 huku trefli iko kwenye 2, tayari umejinyima viti vyekundu vinne au vitano vya karata nyeusi.

Na ukishakosea, kumbuka kurudisha. 6 ya karo iko juu ya nyumba yake. 5 ya piki imefunga safu nzito na haina pa kwenda. 7 ya trefli iko wazi. Shusha 6 ya karo ikae juu ya 7 ya trefli, weka 5 ya piki juu yake, geuza karata iliyolala. Hatua moja ya kurudi nyuma, safu nzima imefunguka.

## Hatua ya 8: Tambua mwisho

Umeshinda. Ukicheza moja moja bila kikomo, siku karata zote 21 zitakapokuwa chali, mchezo umekwisha kwa faida yako. Karata ndogo kuliko zote zilizobaki lazima iwe mwisho wa safu au ndani ya akiba, na kote huko unaifikia. Kilichobaki ni kupandisha. Nyumba nne zikifungwa na Wafalme wanne, zikiwa na 13 kila moja, umemaliza.

Mchezo umekufa. Kabla ya kukusanya, pitia haya:

- Akiba yote imepita raundi nzima bila kutoa karata, na safu hazikubadilika.
- Hakuna karata ya nyumbani ambayo ikishuka itapokea kitu.
- Hakuna mnyororo unaoweza kukatwa ili karata iliyo juu ya mkato iende nyumbani.

Hilo la tatu husahauliwa sana. Mnyororo ni 9 ya piki, 8 ya kere, 7 ya trefli. Nyumba ya kere inasubiri 8. Kama kuna 8 ya karo wazi kwingine, hamishia 7 ya trefli huko, na 8 ya kere inapanda. Hatua hiyo haikufunua karata iliyolala mara moja, lakini sasa 9 ya piki iko wazi, na nyumba ya kere inasubiri 9.

Yote matatu yakiwa kweli, kusanya bila kujilaumu. Hata kwa anayeziona karata zote, migao kama 82 kati ya 100 ndiyo inayowezekana kumalizika katika mchezo wa tatu tatu. Inayobaki haina mlango. Na kwa kuwa wewe huzioni zilizolala, utapoteza pia mingi iliyokuwa na mlango.

## Namna ya kujipima

Usihesabu ushindi peke yake, maana mwanzoni utakuwa mchache na utakukatisha tamaa. Kila mchezo ukifa, hesabu karata zilizobaki kifudifudi na uandike namba hiyo kwenye daftari.

Ikiwa namba ni 14 au zaidi mara nyingi, tatizo liko kwenye hatua ya 4: unafungua akiba mapema. Ikiwa unafika 6 au 7 kisha unakwama, tazama nyumba zako; huenda moja imepanda sana kuliko nyingine. Ikiwa zinabaki 2 au 3, na karibu kila mara ziko safu ya 6 au ya 7, unachezea safu nyepesi za kushoto kwa muda mrefu mno.

Cheza moja moja mpaka uone namba hizo zinashuka kwa siku kadhaa mfululizo, ndipo uhamie tatu tatu. Ukimaliza kwa siku hiyo, futa karata kwa kitambaa kikavu, hesabu 52, na uzifunge kwa mpira ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu wa mvua za Novemba huzipinda, na karata iliyopinda hujitambulisha yenyewe hata ikiwa imelala.